Land Rover ya Zamani na Vipuri vya Kisasa: Kufuata Mzigo Unakohamia

Land Rover za aina ya Series, zilizoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948 na kuendelea kutengenezwa Solihull, Uingereza, hadi mwaka 1985, zilisanifiwa kwa namna ambayo kila kiungo kilipimwa kulingana na uwezo wa kiungo kilicho jirani yake. Injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286, iliyoanza kutumika mwaka 1958, haikuwa na nguvu ya kukata shafti za magurudumu kwa urahisi. Breki za dramu zilitosheleza mwendo ambao injini hiyo iliweza kuufikia. Na springi nzito zilimlazimisha dereva kupunguza mwendo kabla barabara mbovu haijavunja chochote. Kutokana na ulinganifu huo, kipuri cha kisasa kinapofungwa kwenye gari la namna hii hakiondoi udhaifu, bali huuhamishia kwenye kiungo kinachofuata, na anayetaka kuliboresha hana budi kujiuliza, kabla ya kununua chochote, mzigo huo utaangukia wapi.

Swali hili lina uzito wa pekee Afrika Mashariki, ambako magari haya hayajageuka mapambo ya maonyesho. Katika Maralal, Kaunti ya Samburu nchini Kenya, Land Rover za zamani zingali zinabeba abiria na mizigo kwenye njia ambazo magari mengi mapya huzikwepa, na Arusha ina mafundi na wapenzi wa magari hayo kiasi cha kuandaliwa tamasha la Land Rover mwaka 2024. Gari linalofanya kazi kila siku linahitaji breki, taa na viti bora kuliko linavyohitaji rangi inayong'aa.

Kazi huanzia kwenye fremu, yaani chasisi ya chuma inayobeba bodi ya aloi ya alumini. Bodi haishikwi na kutu ya kawaida, jambo ambalo huwadanganya wanunuzi wengi, kwa sababu chasisi imeundwa kwa mabomba ya pembe nne yaliyo wazi ndani, nayo huoza kuanzia ndani huku rangi ya nje ikiwa nzima. Fundi huigonga kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma akisikiliza mlio, kwani chuma kizima hulia kwa sauti kali ilhali kilichooza hutoa sauti butu au hubonyea. Mahali pa kuangaliwa zaidi ni kwenye vishikio vya springi na boriti ya nyuma, ambako tope hukaa muda mrefu. Chasisi iliyooza sana haifai kuendelea kubandikwa viraka. Ni afadhali kununua mpya iliyochovywa katika zinki, ingawa gharama yake ni kubwa, kuliko kufunga vipuri vya thamani juu ya chuma kisichoweza kuvishika.

Baada ya chasisi hufuata breki, na hapa mpangilio wa kazi haupaswi kugeuzwa kwa sababu yoyote. Gari fupi, lenye inchi 88 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, lilifungwa dramu za inchi 10, na lile refu la inchi 109 likafungwa za inchi 11. Breki ya dramu husimamisha gurudumu kwa viatu viwili vinavyosukumwa kutoka ndani, na joto linalozalishwa hubaki humo, kiasi kwamba kwenye mteremko mrefu dramu hupanuka, viatu hupoteza uwezo wa kushika, na kanyagio hushuka chini. Vilevile gari likivuka mto, maji huchukua muda kutoka. Breki ya diski, ambayo pedi zake hubana sahani iliyo wazi kwenye upepo, hupoa na kukauka upesi. Hata hivyo, kiatu cha dramu kina tabia ya kujivuta chenyewe kuelekea kwenye mzunguko wa gurudumu, hivyo humsaidia dereva kwa nguvu asiyoitoa mguuni, na pedi ya diski haina msaada huo. Ndiyo maana anayefunga diski za mbele bila sevo, yaani chombo cha duara kinachotumia mvuto wa hewa kutoka kwenye injini ili kuongeza nguvu ya mguu, hupata kanyagio gumu na huweza kudhani kuwa vipuri ni vibovu. Masta silinda nayo hubadilishwa pamoja na sevo, na ni vyema ichaguliwe ile yenye njia mbili za mafuta ya breki, moja ya magurudumu ya mbele na nyingine ya nyuma, kwa sababu magari mengi ya zamani yalikuwa na njia moja tu, ambayo mpira mmoja ukipasuka huacha gari zima bila breki. Mwenye fedha kidogo anaweza kulifungia gari fupi dramu za inchi 11 kutoka kwa lile refu na kupata nafuu inayoonekana.

Springi ndizo zinazobadilisha starehe kuliko kipuri kingine chochote. Springi za awali ni mabamba mengi ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, ambayo husuguana kila gari linapopanda na kushuka, na yakiingiwa na kutu hushikamana hadi springi nzima inakuwa ngumu kama boriti. Springi za kiparaboli zina mabamba mawili au matatu tu, manene katikati na membamba kuelekea ncha, yanayogusana mahali pachache, kwa hiyo hujipinda kwa urahisi na gurudumu hufuata ardhi badala ya kuirukia. Lakini msuguano ule wa zamani, pamoja na karaha yake, ulikuwa ukituliza mtikisiko. Ukiondolewa, kazi yote huhamia kwenye shokamzoba, na shokamzoba za awali haziiwezi. Springi hizo hununuliwa pamoja na shokamzoba zilizotengenezwa kwa ajili yake, na aina huchaguliwa kwa mzigo halisi, kwa kuwa zilizokusudiwa gari tupu hulala gari linapojazwa magunia.

Usukani mzito mara nyingi si tatizo la kukosa msaada wa umeme bali ni matengenezo yaliyosahauliwa. Ndani ya boriti ya mbele ya chasisi mna kiungo kinachopokea mwendo kutoka kwenye boksi la usukani na kuupeleka kwenye magurudumu, nacho kikikauka oili hushikamana na kuufanya usukani usirudi wenyewe baada ya kona. Kiungo hicho pamoja na bol jointi zikishatengenezwa, ndipo mota ya umeme iliyotolewa kwenye nguzo ya usukani ya gari dogo inaweza kufungwa chini ya dashibodi. Mota ikifungwa mapema, huficha kasoro ambayo mikono ya dereva ingeihisi.

Kwa upande wa umeme, jambo la kwanza kuchunguzwa ni ncha ya betri iliyofungwa kwenye chasisi. Magari mengi yaliyotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yaliunganishwa ncha chanya, ilhali alteneta na vifaa vya elektroniki vya kuwasha injini kwa kawaida huhitaji ncha hasi, na kosa la dakika moja huunguza vifaa hivyo moja kwa moja. Dainamo ya kawaida ya zamani ilitoa takriban ampea 22, na injini ikizunguka polepole ilitoa kidogo sana. Alteneta hutoa zaidi ya hapo, kwa hiyo waya unaotoka kwake kwenda kwenye betri sharti uwe mnene zaidi, na kipimo cha ampea cha dashibodi kiondolewe njiani kwa kuwa hakikuundwa kubeba mkondo huo. Taa kubwa hulishwa kupitia rilei, ambayo ni swichi inayoendeshwa na mkondo mdogo ili mkubwa usipite kwenye swichi ya dereva.

Viti na utulivu wa sauti havihitaji maelezo marefu, isipokuwa mambo mawili. Mikanda ya usalama hufungwa kwenye chasisi au kwenye vyuma vilivyoungwa nayo, kamwe si kwenye bati la alumini, ambalo litachanika siku ya ajali. Na zulia linalofyonza maji halifai, kwa sababu Land Rover hizi huvuja, na unyevu unaokaa mahali alumini inapogusana na chuma huanzisha ulikaji wa alumini. Sponji ya vitundu vilivyofungwa, isiyopitisha maji, hupunguza kelele bila madhara hayo.

Injini ndiyo inayopaswa kuja mwisho, ingawa ndiyo inayotamaniwa mwanzo. Chaguo linalopendwa ni dizeli ya 200Tdi, iliyotolewa na Land Rover yenyewe mwaka 1989 ikiwa na sentimita za ujazo 2,495 na tabo, yaani kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Nguvu yake ya kuzungusha hupita nyutoni mita 250, dhidi ya takriban 165 za petroli ya zamani, na tofauti hiyo yote hupita katika gia boksi na shafti za magurudumu ya nyuma ambazo zilikuwa dhaifu tangu awali. Dizeli haina mvuto wa hewa unaotegemewa na sevo, kwa hiyo pampu yake ya mvuto lazima iunganishwe. Mafuta yasiyotumika hurudi kwenye tangi, na tangi la petroli lisilo na bomba la kurudishia huhitaji kuongezewa. Kwa kuwa injini hiyo haizunguki kwa kasi kubwa, difu za uwiano wa 4.7 hubadilishwa na zile za 3.54 kutoka Range Rover, jambo linalopunguza mizunguko ya injini kwa takriban robo katika mwendo uleule, lakini pia hufanya gia ya kwanza iwe ndefu kuliko inavyofaa kwenye mawe na miinuko mikali. Kwa gari la milimani, kifaa cha ziada cha gia kinachoitwa ovadraivu ni bora, kwa kuwa dereva hukiweka au kukitoa kwa hiari yake na gia za chini hubaki zilivyo.

Injini ikishafungwa, namba yake hupelekwa kusajiliwa upya, kwa sababu kadi ya gari ina namba ya injini ya zamani na bima inaweza kupingwa kwa sababu hiyo. Kisha gari hurudishwa gereji baada ya kilomita mia chache za mwanzo, na nati za U-bolti zinazoshika springi hukazwa tena likiwa limesimama kwa uzito wake wote juu ya magurudumu.