Mashindano ya Mimea na Mafunzo Yake kwa Mkulima

Mnyama akikosa chakula hapa hukifuata kule. Mmea hupigania riziki yake papo hapo ulipoota. Na riziki yenyewe ni mwanga wa jua, maji, na chakula kilichomo udongoni. Hakuna mmea uwezao kujitimizia yote. Utumiao nguvu nyingi kurefusha shina hupungukiwa na mizizi. Na uzidishao mizizi hubaki mfupi.

Ushahidi wa maneno haya u karibu nasi. Atokaye Voi kwenda Wundanyi kwa njia ya Mwatate huona nchi mbili zilizo mbalimbali. Chini nyikani jua limezidi. Kilicho haba ni maji. Kwa hiyo miti ya huko haishindani sana kwa urefu. Mbuyu huweka akiba ya maji katika shina lake nene, na hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Mbambara nao hupukutisha, lakini chini ya gome lake jembamba mna ngozi ya kijani ifanyayo kazi ya majani. Mgunga hushusha mizizi yake mbali ardhini.

Juu milimani, katika misitu ya Ngangao na Mbololo, mambo ni kinyume. Mvua na ukungu huleta maji, ila mwanga ndio adimu. Kwani katika msitu uliofungana, aghlabu hufika chini sehemu 1 au 2 tu katika 100 za mwanga wa jua. Huko miti hunyooka na kurefuka, na kangaga huota juu ya matawi ya miti mingine. Tena liko ua dogo la zambarau, waliitalo wataalamu sasa Streptocarpus teitensis (zamani Saintpaulia teitensis), lisiloshindania urefu kabisa: limeridhika na kivuli cha majabali ya Mbololo, wala halioti lenyewe mahali pengine duniani. Msitu huo ukikatwa, jua litakalostawisha magugu ndilo litakaloliua ua hili.

Sasa tutazame shamba. Jani hunyonya mwanga mwekundu, na hurudisha mwingine ambao macho yetu hayauoni vyema. Mche wa mahindi huuhisi mwanga huo urudishwao na magugu, ukaanza kujirefusha hata kabla ya kufunikwa na kivuli. Nguvu iliyokuwa ya mizizi huenda katika shina. Ndiyo maana palizi iliyochelewa hairudishi kilichopotea: magugu yameondoka, lakini mche umekwisha kutumia akiba yake, na mvua za Voi ni chache, hazimngoji mtu.

Je, kila jirani ni adui? La. Mbaazi hukua polepole mwanzoni, mahindi yakatangulia kupata mwanga. Mizizi yake hushuka chini zaidi, tena ina vinundu vyenye vijidudu viishivyo humo, ambavyo hugeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea. Mahindi yakivunwa, mbaazi hubaki na kujipatia jua lake, na majani yake yaangukayo hurutubisha udongo.

Basi mkulima asiulize tu, “Nipande nini?” bali aulize pia, “Kitagombania nini na jirani yake?” Tupalilie mapema, na tupande pamoja mimea isiyokula sahani moja.