Injini ya Boti ya Mbio Huharibikia Kabatini

Muuzaji alisema injini imebana kwa sababu bado ni mpya. Ilikuwa ya Kiitaliano, ya sentimita za ujazo 7.5, imelazwa mezani katika soko la vifaa vya modeli huku Uingereza, kichwa chake cha alumini kinang'aa, flaiwili haizunguki hata uishike kwa mikono miwili. Maneno yake yana chembe ya ukweli, ndiyo maana yanawanasa wengi. Injini nzuri ya boti ya mbio kweli hubana ikiwa baridi, lakini hubana mahali pamoja tu: pistoni inapofika juu kabisa. Nilichungulia kwenye tundu la ekzosi nikaona ukingo wa pistoni umeshuka nusu ya tundu. Hapo hapana cha kuikamata isipokuwa kutu au mafuta yaliyoganda. Nililipa bei ya chuma chakavu, nikaondoka nayo. Muuzaji anayeuza kutu kwa jina la upya simwamini tena, hata akiuza bisibisi.

Nchi hii imejaa injini za namna hiyo. Klabu ya Victoria Model Steam Boat Club ya Victoria Park, mashariki mwa London, ilianzishwa 1904, na chama cha kitaifa cha mchezo huu, Model Power Boat Association, kikafuata 1924. Vizazi kwa vizazi vya wapenzi wa boti vimeacha mabanda yenye masanduku ya injini, na nyingi hazikuchakazwa na mbio. Ziliwekwa kabatini jioni ya shindano la mwisho, mafuta yakiwa bado tumboni.

Mafuta hayo ni mchanganyiko wa methanoli, naitromethani na kilainishi, mara nyingi mafuta ya nyonyo. Marekani huuzwa mafuta ya boti yenye asilimia 50 ya naitro au zaidi. Methanoli hunyonya unyevu wa hewani. Mwako wa naitro huacha mabaki yenye asidi. Nyonyo hulinda vyuma vizuri kwenye joto kali, lakini ikikaa hugeuka utomvu. Ongeza matone ya maji ya ziwa yaliyorushwa hadi kwenye kabureta, na beringi za injini iliyozoea mizunguko zaidi ya 25,000 kwa dakika huanza kushika kutu boti ikiwa bado njiani kurudi nyumbani.

"Usiilazimishe, kaka," aliniambia rafiki yangu, fundi mzaliwa wa Mombasa, nilipoiweka mbele yake. "Ipashe moto kwanza."

Tulitoa plagi na kifuniko cha nyuma, tukaipuliza kwa draya ya nywele mpaka mwili wote ukawa wa moto usioshikika. Utomvu wa nyonyo ulilegea, ukatoa ile harufu yake. Fundi akavaa glavu, akaisukuma flaiwili kushoto na kulia, kidogo kidogo, bila spana wala koleo, mpaka ikazunguka duara zima. Pistoni na slivu havikuwa na mkwaruzo. Beringi ya nyuma ilikuwa nyekundu kwa kutu. Tulizifungua sehemu zote, tukaziosha na kuzikausha, kisha tukaitia bodi tupu kwenye oveni. Alumini hutanuka kuliko chuma cha beringi, kwa hiyo ukiigonga bodi ya moto juu ya ubao, beringi huanguka yenyewe. Mpya ikaingia kwa kidole. Siku injini ile ilipolia tena ziwani, fundi alipiga makofi mpaka watu wakageuka.

Hayo yote yangeepukwa kwa dakika chache baada ya mbio. Hatua za mwanzo kila mwenye boti anazijua: bana mpira wa mafuta injini ikiwa inaunguruma ili iyamalize yaliyobaki, toa plagi, zungusha kwa stata, puliza maji yaliyobaki kwenye njia ya kupoozea, halafu tia mafuta ya kuhifadhia kupitia tundu la plagi na kabureta. Wauzaji wanataka ununue kichupa chao kidogo kwa bei ya kukata maini. Mimi natumia mafuta ya giaboksi ya otomatiki, yale ya magari, na sijaona sababu ya kuacha. Yasiguse tu mipira ya silikoni, kwa kuwa mafuta yatokanayo na petroliamu huivimbisha. WD-40 iliundwa 1953 kwa ajili ya kufukuza maji, na kazi hiyo inaiweza. Usiitegemee kulinda beringi majira yote ya baridi.

Sasa kuna jambo ambalo wengi hulipita. Slivu ya injini hizi ni ya shaba iliyopakwa kromiamu, na juu ni nyembamba kidogo kuliko chini. Injini ikipata moto, shaba hutanuka kuliko pistoni yake ya alumini yenye silikoni nyingi, na nafasi inayotakiwa hupatikana. Ikipoa, slivu hurudi na kuibana pistoni. Ukiiacha imesimama juu, inapoa ikiwa imekabwa, na stata ya kesho yake inavuta konrodi kwa nguvu zote. Mshindani mmoja hapa ziwani alivunja konrodi kwa namna hiyo asubuhi ya fainali, injini haijawaka hata mara moja.

Dawa yake ni rangi ya kucha. Plagi ikiwa imetolewa, ingiza kijiti cha mbao kwenye tundu lake, zungusha taratibu mpaka kijiti kishuke mwisho wake. Hapo weka alama moja kwenye flaiwili na nyingine kwenye bodi, zitazamane. Kuanzia siku hiyo, kila unapomaliza kutia mafuta ya kuhifadhia, linganisha alama mbili injini ikiwa bado ya uvuguvugu. Huhitaji kufungua chochote tena. Injini zangu zote zina alama nyekundu, na nikiazimwa ya mtu huipaka kabla sijairudisha.

Shafti ya waya nayo ichomolewe kwenye bomba lake, ipanguswe maji, ipakwe grisi. Na siku ya kurudi ziwani, usikimbilie kuwasha. Mafuta uliyotia yamejikusanya ndani, na kimiminika hakigandamiziki kama hewa. Stata itapinda konrodi. Toa plagi, funika tundu kwa kitambaa, zungusha mpaka kitambaa kiache kulowa, ndipo plagi irudi.