Mkataba "a tempo determinato"

SWALI: Nimepata kazi Italia. Mkataba umeandikwa "a tempo determinato", nami naelewa ni wa muda maalumu, lakini mwenzangu anadai determinato ni sifa ya mtu mwenye msimamo. Nani yuko sahihi?

JIBU: Nyote wawili. Kivumishi hiki kimetokana na kitenzi determinare, yaani kuainisha au kuamua. Kikimhusu mtu, una donna determinata ni mwanamke mwenye nia thabiti, asiyeyumbishwa. Kwenye ajira, maana yake ni muda maalumu: mwisho wa kazi umeshapangwa.

Kikitangulia nomino, kama in determinati casi, ni "katika hali fulani", na kwa kawaida hali hizo zinabainika. Hapo wanafunzi wengi hukichanganya na certo. Un certo giorno ni siku fulani tu, hata isipojulikana ni ipi. Un determinato giorno ni siku mahususi. (Na usisahau upatanisho: -o, -a, -i, -e.)

Kinyume cha mkataba wako ni a tempo indeterminato, ajira isiyo na ukomo, ambayo ndiyo wengi wanaiwinda. Kwa hiyo kabla hujatia saini, angalia kama neno hilo linaanza na in-.