Simo na Msemaji Wake

Simo ni maneno yanayozuka katika kundi la watu, yakavuma kwa muda, kisha mengi yao yakafa. Vijana huyapenda kwa sababu huwaunganisha wao kwa wao, na mtu wa nje hawezi kufuata mazungumzo yao. Lakini kijana huzeeka pamoja na simo zake. Kwa hiyo msikilizaji makini aweza kukisia umri wa mtu, na hata mahali alipokulia, kwa kumsikia akizungumza tu. Nitaeleza jambo hili kwa mifano ya fedha na ya vyombo vya safari.

Kwanza, umri. Babu yangu, hapa Uganda, akikidharau kitu husema, "Hakifiki hata sumuni." Sumuni ni senti hamsini. Asili ya neno hili ni Kiarabu, na maana yake ni sehemu ya nane. Zamani Uganda, Kenya na Tanganyika zilikuwa na shilingi moja ya Afrika Mashariki. Mwaka 1966 kila nchi ilianza kutoa shilingi yake. Siku hizi senti hazinunui kitu dukani, lakini sumuni ingali hai katika kinywa cha babu. Mtu asemaye hivyo bila kufikiri, ama alizishika senti hizo, ama alilelewa na aliyezishika.

Pili, mahali. Katika bweni letu wamo wenzetu wawili, mmoja wa Nairobi na mmoja wa Dar es Salaam. Yule wa Nairobi huita shilingi mia "soo", na elfu moja "ngiri". Yule wa Dar es Salaam huita mia tano "jero", na elfu moja "buku". Wote wawili ni Waswahili wa mjini, lakini juma la kwanza walihitaji mkalimani.

Tatu, ziko simo zisizokufa. Gari la abiria la Kenya liliitwa matatu kwa sababu ya sarafu tatu za senti kumi, iliyokuwa nauli katika miaka ya 1960. Huko Dar es Salaam sarafu ya shilingi tano iliitwa dala, nayo ikalipa gari jina la daladala. Kwetu mpakani Busia, waendesha baiskeli waliovusha watu kutoka mpaka huu hadi ule ndio waliotupa neno bodaboda. Nauli zile zimekwisha, na baiskeli nyingi zimeipisha pikipiki, lakini majina yamebaki. Leo mzee na mtoto huyatumia sawasawa. Neno likifika hapo halionyeshi umri tena.

Nne, malezi. Hapa ndipo wengi hupotea, maana hudhani kwamba msema simo hakulelewa vizuri. Mimi sikubali. Yule mwenzetu wa Dar es Salaam humtaja baba yake "mshua" tukiwa peke yetu, lakini akikutana na mwalimu husimama na kusema, "Shikamoo, mwalimu." Neno lenyewe huonyesha mahali mtu alipopita. Malezi huonekana katika kujua nani wa kuambiwa neno hilo, na nani asiambiwe.

Tena kuna jambo lililoniuma. Muhula uliopita alikuja mwanafunzi kutoka kijijini, asiyejua simo hata moja. Wakamcheka, wakamwita mshamba. Basi akanyamaza darasani karibu muhula mzima, naye ni hodari wa hesabu kuliko wengi wetu. Je, ni nani aliyeonyesha malezi mabaya, yule aliyesema Kiswahili cha nyumbani kwao, au waliomfunga mdomo?

Wenzangu, simo si dhambi, wala si cheo. Tuzitumie uwanjani na bwenini. Katika insha tuziache, isipokuwa tukimnukuu mhusika azungumzapo, kwa maana mtahini hakulala nasi bwenini. Na mgeni asiyezijua tumfundishe, naye atufundishe maneno ya kwao. Wazee walisema muungwana ni kitendo. Simo zetu zitatutaja miaka na mitaa yetu, lakini uungwana wetu utajulikana kwa namna tunavyomsikiliza asemaye tofauti na sisi.