Asilale Peke Yake Usiku wa Kwanza

Mijini kwetu watu wengi hununua mtoto wa mbwa kwa sababu moja: ulinzi. Wezi wamepita kwa jirani, ukuta umeongezwa matofali, taa imefungwa getini, na sasa anatafutwa mbwa. Analetwa jioni ndani ya katoni, anafungwa kamba kwenye mwembe au anaingizwa katika banda jipya nyuma ya nyumba, kisha watu wanakwenda kula. Saa tatu anaanza kulia. Saa sita bado analia. Baba anasema mwacheni, atazoea. Bibi anasema akibembelezwa hatakuwa mkali. Asubuhi amenyamaza, na nyumba nzima inaamini kwamba amezoea, kumbe sauti imemkauka na nguvu zimemwishia.

Mtoto wa mbwa wa wiki 8 hajawahi kulala peke yake hata usiku mmoja. Tangu azaliwe amelala amebanana na nduguze, joto lao likiwa blanketi lake, na kila alipopotea hatua mbili na kulia, mama alikuja. Kilio chake cha usiku ni mwito uleule. Anaita aje mtu, na asipokuja mtu, anachojifunza ni kwamba mahali hapa pageni akiita haji mtu.

Hili lina uzito mkubwa kuliko usingizi wa usiku mmoja. Wanasayansi John Paul Scott na John L. Fuller walifuga na kuchunguza mamia ya mbwa katika maabara ya Bar Harbor, jimbo la Maine nchini Marekani, na mwaka 1965 wakachapisha kitabu kilicholeta mwanga mkubwa: kati ya wiki ya 3 na wiki ya 12 hivi, mbwa hujifunza nani ni wake. Akishapita hapo bila kuzoea watu, kazi ya kumrudisha ni ngumu mno. Basi wewe unayetaka mlinzi, umemleta nyumbani katikati ya wiki zilezile ambazo anaamua atamlinda nani. Mbwa hulinda watu aliowahesabu kuwa wake. Mbwa aliyekulia katika hofu huuma ovyo: mgeni aliyekaribishwa, mtoto wa jirani aliyefuata mpira, hata yule anayempelekea sahani. Na wale wanaosema alishwe pilipili ili awe mkali, wanamuunguza matumbo tu.

Maandalizi ya usiku huo huanzia kwa muuzaji. Uliza umri, na usikubali aliye chini ya wiki 8, hata ukiambiwa ameshaacha kunyonya. Omba kumwona mama na watoto wengine. Muuzaji wa kando ya barabara asiyeweza kukuonyesha mama, mwache na bei yake nzuri. Kama unaweza kufika kwake siku moja au mbili kabla, mpelekee kipande cha khanga kuukuu akitandike mama anapolala. Siku ya kumchukua mtoto ondoka na kile kitambaa, na usikifue. Harufu ile itakusaidia usiku kuliko kitu chochote utakachonunua dukani. Uliza pia amekuwa akila nini na saa ngapi, na uchukue cheti cha chanjo kama kipo.

Mchukue asubuhi, apate mchana mzima wa kuijua nyumba kabla ya giza. Asilishwe muda mfupi kabla ya safari, maana wengi hutapika njiani. Akae mapajani mwa mtu, juu ya taulo au magazeti, asiwekwe kwenye buti la gari. Mkifika, kabla hajaingia popote, mpeleke pale unapotaka awe anajisaidia na umsubiri. Akikojoa hapo msifu kwa sauti ya upole. Kama uani kwako aliwahi kufa mbwa kwa kuharisha damu, tafuta sehemu nyingine kabisa, kwa sababu virusi vya parvo hukaa ardhini miezi mingi. Sabuni ya kawaida haiviui. Sakafu ya saruji isafishwe kwa dawa ya kung'arishia nguo iliyochanganywa na maji, na mtoto asiyekamilisha chanjo asipelekwe panapopita mbwa wa mtaani.

Siku hiyo usiite majirani waje kumwona. Usimwogeshe pia, hata akinuka, hata ukiona viroboto. Baridi ya maji ikichanganyika na woga wa siku nzima ni mzigo mkubwa kwa kiumbe mdogo hivyo. Na dawa ya josho la ng'ombe usimguse nayo kabisa. Inaweza kumuua. Viroboto watasubiri hadi kwa daktari wa mifugo.

Sasa kitanda. Katoni imara inatosha, yenye kuta ndefu kiasi cha kumzuia kutoka, na nafasi ya kutosha anyooshe miguu lakini isiwe pana sana. Mbwa hapendi kuchafua anapolala, na kitanda kikiwa kama uwanja atakojoa pembe moja na kulala pembe nyingine. Tandika magazeti chini, juu yake blanketi kuukuu, kisha kile kitambaa cha mama. Kama mko sehemu za baridi, Njombe au Limuru mwezi wa sita na wa saba, jaza chupa ya soda ya plastiki kwa maji ya vuguvugu ambayo mkono wako unaweza kuyashika bila kuungua, ifunge vizuri, izungushie kitambaa kinene na uilaze upande mmoja wa katoni ili akisikia joto ajisogeze. Dar es Salaam au Mombasa wakati wa kaskazi hahitaji chupa. Anahitaji upepo na maji karibu.

Katoni hiyo iwekwe kando ya kitanda chako. Najua watu wengi watalikataa hili, na naliandika kwa sababu ndilo kiini cha mambo yote. Ukiwa karibu anasikia unavyopumua, anakunusa, na akianza kunung'unika unashusha mkono tu. Huna haja ya kumpandisha kitandani. Mkono ulioning'inizwa ndani ya katoni dakika chache humlaza mtoto ambaye kwenye banda angelia hadi alfajiri, na akishalala unaurudisha.

Ziko nyumba ambazo mbwa haingii ndani, na hilo liheshimiwe. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa huoshwa mara 7, moja ikiwa kwa udongo. Lakini mbwa wa ulinzi anaruhusiwa kufugwa. Hapo weka katoni barazani, chini kabisa ya dirisha la chumba chako au penye mlango wa nyuma, na usiku huo mtu mmoja alale karibu, hata kwa kutandika mkeka upande wa pili wa mlango, ili aongee naye kwa sauti ya chini akilia. Kama kuna mlinzi wa usiku, mweleze kazi hii waziwazi na mwonyeshe kwa vitendo: katoni ikae karibu na kiti chake, asimtishe, asimpige, asimfunge. Huyo mlinzi ndiye atakayefanya naye kazi miaka mingi, na urafiki wao uanze vizuri. Na mtoto wa mbwa asifungwe kamba mahali popote nje peke yake. Masika siafu wakipita, mtoto aliyefungwa hana pa kukimbilia, na kelele zake zitachukuliwa kuwa ni kilio cha kawaida.

Chakula cha jioni kiwe kilekile alichokula kwa muuzaji, hata kama wewe una mpango mzuri zaidi. Tumbo lake tayari limeshtuka. Mbadilishie polepole kwa muda wa wiki nzima. Maziwa ya ng'ombe, ambayo kila mtu huyakimbilia kwa huruma, huwaharisha watoto wengi wa mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Vitunguu na chokoleti ni sumu kwake. Mlishe muda wa saa tatu hivi kabla ya kulala, mwache acheze baada ya kushiba, kisha punguzeni taa na sauti ya televisheni. Akila kidogo tu usiku huo usishangae, mradi anakunywa maji na macho yana uhai.

Tuje kwenye usiku wenyewe. Mtoe kujisaidia mara tu kabla ya kulala, tuseme saa nne. Mtoto wa miezi 2 hawezi kubana mkojo zaidi ya saa tatu hivi, kwa hiyo tega simu ikuamshe saa saba, na tena saa kumi. Ukimtoa kabla hajaanza kulia, anajifunza kwamba haja zake zina wakati na kwamba kulia hakuhitajiki. Mbebe, usimwache atembee, maana atakojoa mlangoni. Mpeleke palepale pa mchana, simama kimya, subiri. Akimaliza msifu kwa maneno mawili, mrudishe, zima tochi. Hakuna mchezo na hakuna chakula. Ukicheza naye saa saba ya usiku, kesho saa saba atakuamsha mcheze.

Kati ya safari hizo atalia, na sikio lako litazoea kutofautisha. Mnung'uniko mdogo unaopanda na kushuka ni wa kutafuta usingizi. Shusha mkono, ukae kimya, mara nyingi utakwisha wenyewe. Kilio kinachoanza ghafla baada ya kulala fofofo, huku akizunguka na kukwaruza katoni, ni cha haja, mtoe haraka. Kilio cha juu kisichokoma hata mkono ukiwepo, hasa tumbo likiwa limevimba na gumu, si upweke. Huyo anaumwa. Kutapika mara kwa mara, kuharisha damu, ufizi mweupe au mwili uliolegea kama kitambaa, hayo hayangoji asubuhi ukiweza kumpata daktari wa mifugo usiku.

Usimpige, usigonge katoni, usimfokee. Akichafua matandiko, badilisha magazeti na ulale. Kumsugua pua kwenye mkojo wake, kama wengi wanavyofanya, humfundisha kujificha anapojisaidia, nawe utaanza kukuta uchafu nyuma ya kochi.

Watoto wa nyumbani wana hamu kuliko wote. Waketi chini, mmoja mmoja, wamwache yeye awasogelee, na akilala asiamshwe na mtu. Wanawe mikono kwa sabuni, kwani watoto wa mbwa wengi huzaliwa tayari wana minyoo kutoka kwa mama, na mayai ya minyoo hiyo huwadhuru binadamu. Akimng'ata au kumkwaruza mtu hadi damu itoke, osheni jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kisha mwende hospitali siku hiyohiyo. Hata mbwa mdogo anaweza kuwa na kichaa cha mbwa, na ugonjwa huo dalili zikishajitokeza karibu hakuna anayepona.

Ndani ya siku mbili tatu mpeleke kwa daktari wa mifugo apate dawa ya minyoo ya kiasi cha uzito wake, na mpange tarehe. Chanjo za utotoni hurudiwa kila wiki chache hadi afikishe wiki 16, na ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa akifika miezi 3.

Usiku wa pili utakuwa mwepesi, wa tatu au wa nne zaidi. Akishalala bila kulia, sogeza katoni hatua kwa hatua: mlangoni mwa chumba, kisha koridoni, kisha barazani. Wakati huohuo mchana alishwe ndani ya banda, mlango ukiwa wazi, aingie na kutoka apendavyo, na kile kitambaa kihamie humo siku ya kuhamia kwake. Banda liwe limeinuliwa kutoka ardhini na mlango wake uangalie nyumba. Ukimpa wiki tatu au nne za mwendo huu, atalala humo kwa hiari yake, na ukipiga mluzi usiku ataitika.