CHUJIO LA HEWA LA INJINI YA PAMPU

Mkulima, ukisimama kando ya njia ya vumbi upande wa Ruiru au Thika mwezi wa Februari, malori ya mawe yakipita, utafunika pua kwa leso. Injini ya pampu yako nayo ina leso yake: ni chujio la hewa, lililo ndani ya kikopo karibu na kabureta.

Wengi hukumbuka petroli na oili wakasahau hewa. Lakini ili kuchoma lita moja ya petroli, injini huvuta zaidi ya lita 9,000 za hewa. Vumbi likipenya humo huchanganyika na oili, likasugua silinda na ringi kama msasa. Injini huanza kula oili, hutoa moshi wa buluu na kupungua nguvu. Hapo kusafisha hakufai tena. Ni kumlipa fundi, na huku kabichi zinakauka.

Chujio likiziba, injini hukosa pumzi, hutoa moshi mweusi na kunywa petroli nyingi. Wako wanaolitoa kabisa ili injini ivute vizuri. Itavuta vizuri, ndiyo, pamoja na vumbi lote.

Zima injini, ufungue kikopo, utazame chujio ni la namna gani. La sponji lioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ulikamue bila kulisokota, likauke kabisa. Kisha lichovye katika oili safi ya injini, ulikamue tena mpaka lisidondoke; oili hiyo ndiyo inayonasa vumbi. Usilioshe kwa petroli, ni hatari ya moto. La karatasi halioshwi wala halitiwi oili. Ligongegonge polepole juu ya kitu kigumu. Likitoboka au likibaki chafu, nunua jingine. Trekta nyingi za zamani zina bakuli la oili chini ya chujio: mwaga oili yenye matope, safisha bakuli, ujaze mpaka kwenye alama tu. Ukizidisha, oili itavutwa ndani ya injini.

Vitabu vya injini ndogo mara nyingi hutaja saa 50 za kazi. Wakati wa kiangazi usingoje hizo. Tazama kila siku kabla ya kuwasha. Mkiwa majirani wenye pampu moja katika skimu, mchagueni mmoja wa kazi hii, maana kila mtu hudhani mwenzake ameshatazama.

Ukirudisha chujio, pangusa kikopo, na mpira wa mfuniko ukae sawasawa. Pampu yenyewe iweke penye majani, mbali na njia ya malori.