Dada, nimeambiwa niweke vipimo kwenye mfumo

Mdogo wangu wa Dodoma! Swali lako nimelisoma, na kwa kuwa yamekuja mengine yanayofanana nalo, nalijibu hapa wote wasikie.

Kwa wasiolijua: huyu ni binti aliyemaliza uhandisi ujenzi juzi tu, kaajiriwa na mkandarasi anayejenga jengo la ofisi la ghorofa tano. Kampuni imenunua programu ya kusimamia ujenzi. Meneja wa mradi kamgeukia yeye, kwa hoja ile ile ya siku zote kwamba "nyie vijana ndio mnajua kompyuta", kampa wiki moja aingize mpango mzima wa vipimo vya ubora. Binti kaenda kwenye mradi mwingine wa kampuni, wa barabara, kachukua violezo vyote, kabadilisha jina la mradi, kaviweka. Sasa ananiuliza kama kuna ubaya.

Upo, mpenzi. Lakini usikimbilie kufuta kila kitu. Kaa kwanza nikwambie.

Kutengeneza kiolezo ndani ya programu ni kazi nyepesi. Iwe Procore, iwe Autodesk Build, iwe hiyo ya bei nafuu mliyonunua, mtu mwenye mikono miepesi anamaliza kiolezo kimoja kabla chai haijapoa. Ugumu uko kwenye jambo ambalo programu haitakuuliza kamwe: kipimo hiki kisipofaulu, ni kazi gani itasimama, na nani ana mamlaka ya kuisimamisha? Pitia kila mstari wa ule mpango uliohamisha, jiulize hilo. Mstari usio na jibu, utoe au utafutie jibu. Utashangaa jinsi orodha itakavyopungua.

Kwa hiyo funga laptop. Chukua michoro, chukua kitabu cha vipimo na viwango vya mradi wenu, chukua ratiba ya kazi, kisha umtafute foromani. Ndiyo, yule yule anayekuita "mtoto wa ofisini". Mwombe akueleze, kazi kwa kazi, slabu inavyopigwa: nani anaweka mbao, nani anafunga nondo, mafundi umeme wanapitisha mabomba saa ngapi, zege linafika na gari au linakorogwa na mikisa hapo hapo. Andika kwa mpangilio huo huo. Mpango wa vipimo unaofuata mwendo wa kazi, foromani atautumia. Unaofuata sura za kitabu cha viwango, ataukwepa.

Sasa tuje kwenye zege, maana hapo ndipo wengi mnapojidanganya.

Mnapenda kyubu, zile sampuli za zege za kuvunjwa maabara. Kyubu zina heshima: zinapigwa picha, zinakwenda maabara, zinarudi na karatasi yenye mhuri. Lakini fikiria tarehe. Umemwaga slabu ya ghorofa ya kwanza leo. Jibu linalokubalika ni la siku 28. Kufikia siku hiyo nguzo za juu zimesimama, pengine na slabu ya pili imeshamwagwa. Kyubu ikifeli wakati huo, nani atabomoa? Mtaanza vikao. Jibu la siku 7 linasaidia kama onyo: kwa saruji ya kawaida unatarajia takriban theluthi mbili ya nguvu ya mwisho, na saruji zenye pozolana hupanda polepole zaidi. Bado ni wiki nzima imepita.

Ndiyo maana uzito wa mpango wako uuweke kabla ya zege kumwagwa na wakati linapomwagwa. Nondo ni za unene ulioandikwa? Ringi zimepishana kama mchoro unavyosema? Biskuti zimewekwa chini ya nondo, au nondo zimelala kwenye mbao? Vaibreta mbili zipo na zinawaka zote? Slampu ya kila gari, yaani ulaini wa zege lake, ni ngapi? Hivi ndivyo vipimo ambavyo vikikataa, hasara yake ni gari moja kurudishwa au mafundi kufungua nondo asubuhi moja. Kwenye mfumo, vifanye vituo vya kuzuia: fomu ya kumwaga zege isifunguke mpaka hivi vimesainiwa. Kama programu yenu haiwezi kufunga fomu moja kwa nyingine, weka mstari wa kwanza kabisa kwenye fomu ya zege unaodai namba ya fomu ya nondo iliyopita. Ni njia ya kienyeji, lakini inafanya kazi.

Na tafadhali, kile kisanduku cha "Sawa / Si sawa" kifute kila mahali panapowezekana kuandika namba. Fundi aliyechoka saa kumi na mbili jioni atabonyeza "Sawa" kumi mfululizo bila kuinua macho. Akitakiwa kuandika slampu kwa milimita, itambidi angalau aichukue koni ya kuipimia. Mipaka iweke wewe ndani ya mfumo kutoka kwenye viwango vya mradi. Kama mmeagiza zege la daraja la S3, basi ni kati ya milimita 100 na 150, na ikiandikwa 190 fomu yenyewe iwe nyekundu. Nondo vivyo hivyo. Usiulize "nondo sahihi?" Kata kipande cha mita moja, kipime kwenye mizani: nondo ya 12 inatakiwa iwe na gramu 888 hivi, ya 16 kilo moja na gramu 580 hivi. Nondo nyembamba iliyoandikwa 12 itajitaja yenyewe, na wala hukugombana na mtu wa stoo.

Kyubu nazo zina mtego wake, na mtego huu nimeuona kwenye mifumo mizuri kabisa. Mchoro unasema C25/30. Namba ya kwanza ni ya silinda, ya pili ndiyo ya kyubu. Anayeweka mfumo anaandika 25 kama kiwango cha kufaulu kyubu, na mradi mzima unapimwa chini ya kiwango huku kila kitu kikiwa kijani. Michoro ya zamani nayo inaandika "daraja la 25" tu, kwa maana ya kyubu. Ukikutana na utata huo, usiamue mwenyewe. Mwandikie mhandisi mshauri, jibu lake libandike kwenye kiolezo.

Halafu kuna hesabu yenyewe. Tuseme mradi wenu unafuata EN 206, kile kiwango cha Ulaya cha zege, na uzalishaji wa zege lenu bado ni mpya. Hapo masharti ni mawili: wastani wa majibu matatu uzidi nguvu iliyotakiwa kwa 4 (N/mm²), na hakuna jibu moja lililopungua chini yake kwa zaidi ya 4. Kwa kyubu za 30 maana yake wastani usiwe chini ya 34, na hata jibu dogo kuliko yote lisiwe chini ya 26. Sasa tazama. Majibu 29, 36 na 38: wastani ni 34 na kitu, yamefaulu. Majibu 31, 31 na 32: kila moja limevuka 30, lakini wastani ni 31 na kitu, yamefeli. Kama uliweka kwenye mfumo "isipungue 30" basi umepata mfumo unaowapigia kelele wazima na kuwachekea wagonjwa. Mkataba wenu ukifuata kanuni za Marekani au za Uingereza za zamani, masharti ni mengine. Soma ya kwenu.

Ongeza kisanduku cha uzito wa kyubu pia, watu wanakidharau. Kyubu ya milimita 150 iliyoshindiliwa vizuri ina kilo 8 na ushee. Ukiona inayokuja na kilo 7 na nusu, kabla hujalaumu simenti, muulize aliyeijaza alishindilia mara ngapi.

Kwenye udongo nitapita haraka, ila neno moja kwa sababu hapo ndipo vile violezo vya barabara vilipokupa faida kidogo. Msongamano wa kujaza chini ya sakafu, mnadai asilimia 95 au zaidi ya ule wa juu uliopimwa maabara. Lakini ule wa maabara ni wa udongo wa chimbo fulani. Chimbo likibadilika, namba inabadilika. Basi ndani ya fomu chimbo lichaguliwe kwenye orodha, na namba ya maabara ijitokeze kufuatana nalo, mtu asiiandike kwa mkono. Ukiona saiti inaleta asilimia 104 kila siku, usifurahi. Mara nyingi wanagawanya kwa namba ya chimbo lingine.

Umeuliza pia kuhusu majina ya maeneo, kama "Ghorofa ya 2" inatosha. Haitoshi. Siku kasoro ikitokea utataka kujua ni zege la gari lipi lililoingia kwenye nguzo ipi. Gawa jengo: ghorofa, kisha slabu au nguzo au ngazi, kisha mistari ya mchoro, kwa mfano C4 hadi F7. Namba inayoandikwa juu ya kyubu kwa rangi iwe ile ile inayotokea kwenye mfumo, herufi kwa herufi. Mtu wa maabara asikisie.

Mshauri naye. Kuna mahali kazi inasimama mpaka yeye asaini, na kuna mahali anaalikwa tu, asipokuja mnaendelea. Vitenganishe viwili hivi kwenye mfumo, na vile vya kusimama viwe vichache. Ukivijaza kila mahali, Jumamosi jioni magari ya zege yamepanga foleni getini, mshauri simu haipokei, foromani atamwaga, na kuanzia siku hiyo hakuna tena atakayeheshimu hata kimoja. Chagua vile ambavyo kweli ungekubali magari yarudi.

Na kabla hujafurahia kwamba mfumo unamtumia mshauri ujumbe wenyewe, fungua mkataba. Mkiwa na Kitabu Chekundu cha FIDIC cha 1999, kifungu cha 7.3 kinamtaka mkandarasi atoe taarifa kazi ikiwa tayari, kabla haijafunikwa. Asipotoa, mhandisi akidai, mkandarasi atafunua na kurudishia kwa gharama zake. Kifungu cha 1.3 nacho kinasema mawasiliano ya kielektroniki yanayohesabika ni yale yaliyokubaliwa kwenye kiambatisho cha zabuni. Kama programu yenu haimo humo, kengele kwenye simu ya mshauri si taarifa. Mwambie meneja wako aandike barua moja ya makubaliano na mshauri asaini. Hiyo ni kazi yake, si yako, lakini wewe ndiye utakayemkumbusha.

Mtandao: jaribu fomu zako ukiwa ghorofa ya chini kabisa, simu ikiwa haina mtandao. Kama zinakataa kuhifadhi, mafundi watarudi kwenye daftari, na daftari litapotea. Jaribu pia kwa simu ya foromani, si kwa yako. Kioo chake kimepasuka na maandishi kaweka makubwa. Fomu inayohitaji kuteleza mara thelathini hatoimaliza. Na iandike kwa Kiswahili. Sijui nani aliwaambia kwamba ubora unasoma Kiingereza.

Anza na slabu moja. Weka kiolezo cha nondo, cha zege na cha kyubu peke yake, vitumike kwenye kumwaga kumoja, kisha kaa na foromani na mtu wa maabara muulizane wapi palikwama. Ndipo uongeze mengine. Ile wiki uliyopewa inatosha kwa hilo. Haitoshi kwa jengo zima, na meneja umwambie hivyo mapema, kwa adabu, kwa maandishi.

Sasa lile la mwisho, ulilolificha chini kabisa ya ujumbe kama vile haliumi. Unasema meneja anataka slabu ya chini, iliyomwagwa kabla mfumo haujanunuliwa, nayo ijazwe, "ili ripoti ipendeze", kwa tarehe za nyuma na namba za kukisia.

Usijaze. Mfumo unaandika saa na jina la aliyebonyeza, na jina hilo ni lako. Siku moja utakwenda Bodi ya Usajili wa Wahandisi kuomba usajili kamili. Hutaki jina hilo liwe limetangulia mahali pengine. Na sisi wa Dar tunaikumbuka Machi 29, 2013, jengo lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi likaanguka na kuua watu 36. Baada ya siku kama ile hakuna anayeuliza kama ripoti ilipendeza.

Fanya hivi. Zitafute karatasi za slabu ile, zile halisi zilizojazwa saiti. Zilizopo, ziingize kwa tarehe ya leo, na kwenye maelezo uandike: "Imeingizwa kutoka kwenye karatasi ya saiti," taja tarehe ya karatasi, piga picha, ambatanisha. Zisizopo, andika hazipo. Kisha mshauri aamue kama slabu igongwe kwa nyundo ya Schmidt ili mpate picha ya jumla, au itobolewe, vipande vipelekwe maabara vikavunjwe. Meneja atanuna. Akikuuliza nani kakufundisha ukaidi huo, mpe anwani ya kona hii aniandikie.